Modeli ya safari za mjini isipolingana na hali ya barabarani: dalili, vyanzo na marekebisho

Modeli ya mahitaji ya usafiri, yaani hesabu ya kompyuta inayokadiria safari za watu mjini, ikikosea, kosa huonekana mwishoni, barabarani: kipande cha Morogoro Road kinapata magari nusu ya yaliyohesabiwa, au kivuko cha Magogoni kinabaki kitupu saa ambayo kila mtu anajua hakuna pa kukanyaga. Chanzo mara nyingi kipo hatua mbili au tatu nyuma. Anayerekebisha pale pale alipoliona kosa hupata namba zinazolingana na leo, na makadirio ya mwaka 2040 yasiyofaa kujengea hata kituo cha basi. Kwa hiyo fuata dalili kwa mpangilio wa modeli yenyewe ya hatua nne: safari ngapi zinaanza na kuishia katika kila kanda (eneo dogo la jiji), zinakwenda wapi, kwa chombo gani, na kwa njia ipi. Usiende hatua inayofuata kabla ya kuisafisha iliyotangulia.

Mifano mingi hapa ni ya Dar es Salaam. Jiji hili lina karibu kila kitu kinachoisumbua modeli iliyobuniwa kwa miji ya magari binafsi: daladala, mwendokasi (mabasi yaendayo haraka), bodaboda, bajaji, kivuko, daraja la tozo, na barabara kuu chache zinazobana kuelekea Kariakoo na Posta.

Kilele cha safari kipo saa isiyoeleweka

Unachora safari kwa saa na unaona kilima kikubwa saa 01:00 usiku, kingine kidogo saa 12:30 mchana, na asubuhi imepwaya. Hakuna ugonjwa wa hesabu hapa. Mhojiwa amesema "natoka saa moja", mdadisi kaandika 1, programu imesoma 01:00. Mwingine amesema "saa kumi na mbili na nusu" na sasa anaonekana kwenda kazini mchana.

Usiongeze saa 6 kwa data yote. Wadadisi hawaandiki namna moja. Baadhi hugeuza saa kichwani kabla ya kuandika, wengine hawageuzi. Panga data kwa mdadisi, kisha tazama safari za wanafunzi wa shule za msingi: zikianza saa 12 na kitu mchana au kati ya 01:00 na 02:00 usiku, huyo aliandika saa ya Kiswahili. Zikianza kati ya 06:00 na 08:00, huyo aligeuza. Rekebisha mdadisi mmoja mmoja. Dodoso lijalo liwe na visanduku vya alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku kando ya saa, na tatizo halitarudi.

Katika kikao hicho hicho kagua vipimo vingine. Matriksi (jedwali la safari kutoka kila kanda hadi kila kanda) ni ya watu au ya magari? Ya siku nzima au ya saa moja? Nauli ni shilingi au maelfu ya shilingi? Kisha fungua matriksi ya asubuhi, linganisha seli ya Mbagala–Kariakoo na ya Kariakoo–Mbagala. Ikiwa ya pili ndiyo kubwa, safu na nguzo zimebadilishana mahali fulani. Mara nyingi mtu amechukua matriksi ya nyumbani-na-shughuli (kwenda na kurudi vyote vimeandikwa kuanzia nyumbani) na kuitumia kama ya asili-na-mwisho (safari inapoanzia na inapoishia) bila kuigawa kwa mwelekeo.

Safari kwa mtu ni chache mno

Ukigawa safari zote kwa idadi ya watu na kupata, tuseme, safari 1.1 kwa mtu kwa siku, jiulize: mtu akitoka asubuhi na kurudi jioni tayari ana 2. Hata ukiondoa watoto wachanga na wanaoshinda nyumbani, namba hiyo ni ndogo kwa jiji linalohangaika hivi.

Vyanzo viwili vinatangulia vingine vyote. Kwanza, mtu mmoja amejibu kwa niaba ya kaya nzima. Mama anajua mume ameenda kazini. Hajui kwamba mchana alichukua bodaboda kwenda benki na kurudi. Linganisha viwango vya waliojibu wenyewe na waliojibiwa, kwa umri na kazi ile ile. Tofauti ikiwa kubwa, tumia viwango vya waliojibu wenyewe kuwakadiria wengine. Pili, safari za miguu hazikutajwa, kwa kuwa mhojiwa aliposikia "safari" aliwaza gari. Swali zuri ni "ukatoka hapo ukaenda wapi?", likirudiwa mpaka mtu amefika nyumbani.

Baada ya hapo tazama uzito wa sampuli. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam, na ya 2022 watu 5,383,728, ongezeko la takriban asilimia 23. Ukizidisha sampuli ya zamani kwa 1.23 kila kanda, utaijaza Kariakoo wakazi isiokuwa nao na kuinyima Chanika waliohamia. Uzito uwekwe kwa kata, tena kwa ukubwa wa kaya na umiliki wa gari, maana ndivyo vitu vinavyobadilisha idadi ya safari.

Kariakoo inavuta safari chache kuliko inavyoonekana

Umetumia takwimu za ajira rasmi. Machinga, mama lishe, wapagazi na wanunuzi kutoka mikoani hawamo. Tumia kinachoonekana: idadi ya fremu na meza, ghorofa zinazotumika kwa biashara, na hesabu ya watu wanaoshuka katika vituo vinavyolizunguka eneo kwa siku nzima. Tenga pia safari za kazi na za manunuzi, kwa sababu mnunuzi hafuati saa za mfanyakazi na hurudi na mzigo. Mzigo hubadilisha chombo.

Usawazishaji wa matriksi hautulii

Njia ya Furness ya mwaka 1965 huzidisha safu, kisha nguzo, kisha safu tena, mpaka jumla zote zilingane na malengo. Ikizunguka mara 100 bila kutulia, jumlisha malengo. Safari zinazotoka zikiwa 412,000 na zinazoingia 398,500, hata mizunguko milioni haitasaidia. Amua upande unaouamini zaidi (kwa safari za kazi huwa ni upande wa nyumbani) na uulazimishe mwingine ufuate. Jumla zikiwa sawa na bado haitulii, tafuta kanda yenye lengo kubwa lakini safu imejaa sifuri. Sifuri ikizidishwa hubaki sifuri.

Safari za modeli ni fupi kuliko za dodoso

Modeli ya mvutano husambaza safari kwa kupunguza mvuto kadiri gharama inavyopanda, mara nyingi kwa e^(−βc), c ikiwa gharama ya safari, hapa kwa dakika, na β kasi ya mvuto kupungua. β ikiwa kubwa, watu wa modeli hawaendi mbali. Kwa kuanzia chukua 1.5 gawanya kwa wastani wa gharama uliopimwa. Wastani wa dodoso ukiwa dakika 46, anza na 0.033. Endesha; modeli ikitoa dakika 38, β mpya ni 0.033 × 38/46, yaani 0.027. Rudia mpaka tofauti iwe chini ya dakika moja. Kwa kawaida mizunguko mitatu au minne inatosha.

Wastani ukilingana usishangilie bado. Chora mgawanyo mzima. Kukiwa na rundo la safari fupi sana na mkia mrefu, huku katikati pamebonyea, tazama safari za ndani ya kanda. Programu nyingi huzipa gharama sifuri zisipoelekezwa, na gharama sifuri ni sumaku. Ipe kila kanda nusu ya wastani wa gharama ya kufika kanda mbili au tatu za jirani. Ikiwa kanda moja imemeza theluthi ya safari zake, haifai kurekebishwa kwa namba, igawanye.

Kigamboni ndiyo mtihani mzuri wa hatua hii. Kwenye ramani, ng'ambo ya mkondo ni karibu kabisa na Posta, na modeli inayoona umbali peke yake itawavusha watu lukuki. Kwa miguu yako hali ni nyingine: kutembea hadi kivukoni, kupanga foleni, kusubiri pantoni ijae, kuvuka, kushuka na kutafuta chombo upande wa pili. Dakika hizo zote ziingie kwenye gharama, na dakika ya kusubiri ihesabiwe kama 2 au 2.5 za kukaa kwenye gari. Tangu Aprili 2016 kuna pia Daraja la Nyerere linaloingilia Kurasini; kwa mwenye gari njia hiyo ni ndefu zaidi na ina tozo, lakini muda wake unatabirika. Kishawishi cha wengi ni kuweka kizidishi maalumu, tuseme 0.4, kwenye seli za Kigamboni ili namba zikae. Namba zitakaa. Ila siku pantoni ikiongezwa au tozo ikibadilishwa, kizidishi kitabaki 0.4 kana kwamba hakuna kilichotokea, na swali uliloajiriwa kulijibu halitakuwa na jibu. Kizidishi cha namna hiyo kiwe cha mwisho kabisa, na kila kimoja kiwe na maelezo yaliyoandikwa.

Chombo kipya kinawanyang'anya wote kwa usawa

Umeongeza mwendokasi kwenye uchaguzi wa vyombo na ghafla magari binafsi yameporomoka kwa theluthi. Logiti ya kawaida, fomula ya kugawa wasafiri kati ya vyombo, ndivyo inavyofanya: hudhani kila chaguo ni geni kwa mengine. Chukua gari binafsi asilimia 50 na daladala asilimia 50. Ingiza mwendokasi wenye sifa zile zile za daladala. Logiti ya kawaida itagawa theluthi, theluthi, theluthi. Kwa kweli abiria wengi wa mwendokasi wangetoka kwenye daladala, maana mtu anayepanda basi ndiye anayechagua kati ya mabasi.

Dawa ni logiti yenye viota. Weka daladala na mwendokasi kwenye kiota kimoja (kundi la vyombo vinavyofanana) chenye kigezo θ kati ya 0 na 1. θ ikiwa 0.5, kiota kinapata uzito wa 2^0.5, yaani 1.414, na gari binafsi linabaki na 1/(1 + 1.414), sawa na asilimia 41. Kadiri θ inavyokaribia 0, gari linakaribia kubaki na 50 yake. Ukikadiria θ kutoka data na ikatoka 1.3, kiota chako hakikubaliani na tabia ya watu. Jaribu kuviunganisha vyombo kwa namna nyingine, kwa mfano bodaboda na bajaji pamoja. Usiibane iwe 1 ukaendelea.

Kipimo cha haraka cha vigezo vingine ni thamani ya muda. Gawanya kigezo cha muda kwa kigezo cha nauli. Tuseme ni −0.03 kwa dakika na −0.0006 kwa shilingi: unapata shilingi 50 kwa dakika, au 3,000 kwa saa. Wahojiwa wako wakiwa na kipato cha wastani cha shilingi 400,000 kwa mwezi kwa saa 200 za kazi, saa moja inawaingizia 2,000. Ni nadra watu kuithamini saa ya kusafiri kuliko saa wanayolipwa, tena kwa wastani wa jiji zima. Ama nauli imeandikwa vibaya, ama umechanganya wenye magari na wasio nayo katika kundi moja. Watenganishe. Wanafunzi nao wawe kundi lao: nauli yao ni ndogo, lakini gari likija limejaa konda humchukua mtu mzima kwanza, kwa hiyo muda wao wa kusubiri ni mrefu kuliko wa mwingine aliyesimama kituo kile kile.

Chunguza pia namba ya kudumu ya kila chombo, ile inayobeba mvuto usioelezwa na muda wala nauli. Ikiwa ya mwendokasi ni sawa na dakika 60 za safari, modeli yako haielezi kwa nini watu wanaupanda. Imelazimishwa tu kukubali.

Waliopanda ni wengi kuliko safari, na wengine wanakwenda kinyume

Hii ni dalili inayowapotosha hata wazoefu, na hapa ndipo kuijua mitaa kunasaidia kuliko kuijua programu.

Umehesabu waliopanda daladala ukapata mara 1.6 ya safari zilizomo kwenye matriksi. Modeli inatoa 1.2. Haraka haraka mtu hupandisha matriksi. Subiri. Madereva hukatisha ruti. Gari lililoandikwa linakwenda Posta linageuzia Buguruni kwa sababu foleni ya mbele haimlipi, na abiria wote wanashuka na kupanda lingine. Safari moja, vituo viwili vya kupanda, nauli mbili. Ukipandisha matriksi umeumba watu wasiokuwepo. Kinachotakiwa ni kuweka mdadisi ndani ya gari, ruti nzima, mara kadhaa kwa kila kipindi, aandike gari liligeuzia wapi. Kisha ndani ya modeli igawe ruti hiyo mara mbili: sehemu ya magari yanayofika mwisho na sehemu ya yanayokatisha, kila moja na idadi yake kwa saa.

Kinyume chake ni kugeuza na gari. Mkazi wa Zakhem asubuhi anajua gari litokalo Rangi Tatu litampita limejaa hadi mlangoni. Anapanda linalokwenda Rangi Tatu, anabaki kwenye kiti, linageuka naye, anaelekea mjini ameketi. Hesabu yako ya Zakhem itaonyesha abiria wengi wakielekea nje ya mji saa 12 na nusu asubuhi, na modeli haitakuwa na safari za kuwaeleza. Ukirekebisha matriksi ifuate hesabu hizo, utazua wafanyakazi wa Rangi Tatu wanaoishi Zakhem. Uliza swali moja la ziada kwa waliokaa: "umepandia wapi, na unashukia wapi?" Mwenye kushukia upande wa mjini, gari lilikotoka, ni wa kugeuza, mwondoe kwenye hesabu ya kuelekea nje.

Tabia hiyo inakuambia pia kwamba muda wa kusubiri umekosewa. Modeli nyingi huchukua nusu ya mwachano wa magari: gari kila dakika 4, subira dakika 2. Abiria anayeachwa na magari matatu yaliyojaa anasubiri 2 + 12, dakika 14. Bila kikomo cha nafasi ndani ya magari, modeli itamwona kila mtu amepata usafiri na itakuambia ruti mpya haihitajiki.

Kasi za modeli ni nzuri mno

Fomula inayotumika zaidi ni ile ya BPR (Bureau of Public Roads), iliyotolewa Marekani mwaka 1964: t = t0 × [1 + 0.15 × (V/C)^4], t0 ikiwa muda wa barabara tupu, V magari yanayopita na C uwezo wa barabara. Jaza barabara mpaka V/C iwe 1.2, muda unaongezeka asilimia 31 tu. Aliyekaa kwenye foleni ya asubuhi anajua ukweli ni mara mbili au tatu. Fomula ilifanyiwa kazi kwa barabara ambazo ucheleweshaji upo njiani; wetu upo kwenye makutano, ambako askari wa trafiki akiongoza kwa mkono anaweza kuushikilia upande mmoja dakika kadhaa. Ongeza ucheleweshaji wa makutano kando, uliopimwa kwa saa ya mkononi katika kila mkono wa makutano makubwa, kabla ya kuanza kuchezea 0.15 na 4.

Kagua pia uwezo ulioandikwa. Njia moja iliyopewa magari 1,800 kwa saa huku daladala zinasimama ndani ya njia na bajaji zimepaki ukingoni haifiki huko. Na bodaboda: ukiihesabu kama gari zima unajaza barabara kwa uongo, ukiiacha unaifungua kwa uongo. Wengi hutumia kati ya 0.3 na 0.5 ya gari dogo.

Mtaa mdogo umebeba magari ya barabara kuu

Kiungio cha kanda, mstari unaoiunganisha kanda na barabara za modeli, kimefungwa mahali pasipo. Kanda kubwa inatoa safari zake zote kwenye nodi (pointi ya mtandao) moja. Ongeza viungio viwe viwili hadi vinne, vifungwe kwenye mitaa ambayo watu hutokea kweli, na kamwe visifungwe kwenye makutano yenyewe.

Umebadilisha barabara ya Kimara, na Tegeta nayo imebadilika

Hesabu ya kugawa magari kwa njia haijatulia. Msawazo aliouelezea Wardrop mwaka 1952 (hakuna dereva anayeweza kupunguza muda wake kwa kubadili njia peke yake) haufikiwi mara moja, unakaribiwa. Pengo la uwiano (kipimo cha umbali uliobaki kufikia msawazo) likiwa 0.01, kelele za hesabu ni kubwa kuliko faida ya mradi mdogo. Shuka hadi 0.0001 au chini yake kabla ya kulinganisha hali mbili. Njia ya Frank na Wolfe ya 1956 huanza kwa kasi kisha hukwama karibu na mwisho. Ikikwama tumia njia inayohifadhi mapito (njia nzima za safari) badala ya mizigo ya vipande (idadi ya magari ya kila kipande).

Ikiwa inayoyumba ni modeli nzima, mzunguko huu Bagamoyo Road imejaa na unaofuata ni tupu, unapeleka muda mpya kwenye usambazaji bila kuuchanganya na wa zamani. Chukua wastani: thamani mpya ni ya zamani ongeza 1/n ya tofauti, n ikiwa namba ya mzunguko.

Hesabu zinalingana vizuri, utabiri haueleweki

Kipimo cha GEH, kilichopewa herufi za jina la Geoffrey E. Havers wa London, hupima modeli (M) inavyolingana na hesabu za barabarani (C); ni mzizi wa 2(M−C)²/(M+C). Modeli 1,200 dhidi ya hesabu 1,000 ni 6.0, 120 dhidi ya 100 ni 1.9. Desturi ni asilimia 85 ya vipande viwe chini ya 5. Kipimo kimekusudiwa magari kwa saa. Ukikitumia kwa siku nzima kitakua bila kosa kuongezeka.

Tatizo ni jinsi GEH hiyo ilivyopatikana. Programu ikipewa ruhusa kurekebisha matriksi ifuate hesabu, itafanya chochote kile. Baada ya marekebisho linganisha matriksi ya kabla na ya baada: jumla za kanda zimehama kiasi gani, wastani wa urefu wa safari umebadilika zaidi ya asilimia 5, seli zipi zimekuwa mara tatu? Kisha tenga robo ya hesabu ambazo programu haikuziona na upime kwa hizo peke yake. Zikilingana hizo, una modeli.

Makosa ya utabiri si jambo geni: utafiti wa Flyvbjerg na wenzake wa mwaka 2005, wa miradi 210 katika nchi 14, ulikuta abiria wa reli kwa wastani walikuwa pungufu kwa asilimia 51.4 ya waliotabiriwa, na nusu ya miradi ya barabara ilikosea kwa zaidi ya asilimia 20 juu au chini.

Jaribio la mwisho kabla ya kukabidhi ni kuisukuma modeli kidogo. Pandisha nauli ya mabasi asilimia 10 na uendeshe mzunguko mzima. Abiria wakipungua kati ya asilimia 2 na 9, ipo katika mwenendo wa kawaida. Wakipungua 20, rudi kwenye thamani ya muda. Wasipopungua kabisa, rudi kwenye namba za kudumu za vyombo. Wakiongezeka, kuna alama ya kutoa iliyopotea, na mara nyingi ipo kwenye kigezo cha nauli cha kundi moja tu, aghalabu la wanafunzi, ambalo huwa na sampuli ndogo kuliko yote.